Mgeni wa Kikapuni

Jumapili ile, baada ya misa ya pili, Mama Dévote alifungua kabati la sebuleni na kutoa glasi sita ambazo hazijawahi kunywewa. Kila moja ilikuwa imefungwa kwa gazeti la zamani. Alizifungua polepole, akaziosha, akazipanga juu ya meza. Magazeti akayakunja vizuri na kuyarudisha kabatini, kwa maana hakuwa mtu wa kutupa kitu.

Binti yake, Elvire, alisimama mlangoni akimtazama.

"Mama, glasi za nini leo?"

"Si ulisema kuna mgeni?"

"Ni Népomuscène tu, Mama. Atapita kidogo. Kuna kitu atatuletea."

"Ndivyo nilivyosikia," alisema Mama, na tabasamu likamtoka bila yeye kutaka. "Mjomba wako, Tonton Salvator, pia anakuja."

"Tonton? Juu ya nini?"

"Nyumba ambayo baba amefariki haipokei wageni bila mwanaume. Nenda ukavae lile gauni la kijani."

Hapo ndipo Elvire alipaswa kusema ukweli. Alifungua mdomo. Lakini uso wa mama yake ulikuwa na nuru ambayo hakuwa ameiona tangu siku walipomzika baba, na ujasiri ukamwishia. Akaenda kuvaa gauni la kijani. Moyoni alisema, Mungu wangu, Népomuscène atakapokuja nitamweleza yote mlangoni.

Elvire alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Kwa miaka minane alikuwa akiuza dawa za mifugo katika duka la daktari mmoja mjini: dawa ya minyoo ya mbuzi, chanjo ya kuku, poda ya kuua chawa. Mwezi mmoja kabla ya Jumapili hiyo aliingia mwanaume mrefu, mikono yake ina makovu madogo madogo, akasimama mbele ya meza ya duka kama mtu anayekwenda kuungama.

"Nataka dawa ya chawa."

"Ya kuku ao ya mbwa?"

"Ya nyoka."

Wateja watatu walicheka. Mmoja aliuliza kama huyo nyoka anasuka nywele. Elvire hakucheka. Aliyatazama macho ya yule mwanaume akaona kwamba hatanii, na kwamba alikuwa ameingia maduka mengine matatu kabla ya hilo, na kote alichekwa.

Népomuscène alikuwa fundi wa mabomba. Aliitwa kutengeneza maji katika nyumba moja kubwa huku juu Gihosha, ambayo mpangaji wake, mgeni kutoka nje, alikuwa ameihama kwa haraka. Nyuma ya tangi la maji, ndani ya gereji, alikuta kisanduku cha vioo, na ndani yake chatu mdogo, wa aina ile isiyokua kuwa kubwa, inayojikunja kama mpira ikiogopa. Chatu huyo alikuwa amekaa pale miezi minne. Mlinzi wa nyumba alimwagia maji mara moja moja kwa juu, akakimbia. Ngozi ya zamani ilimning'inia kama rangi inayobanduka ukutani, na macho yake yalifunikwa na utando mweupe.

Tangu siku hiyo Népomuscène alikuja dukani kila wiki. Wiki ya kwanza aliuliza habari za nyoka. Wiki ya pili aliuliza habari za nyoka. Wiki ya tatu aliuliza habari za nyoka, halafu akauliza kama Elvire amekula. Wiki ya nne alipoingia, Elvire aligundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiutazama mlango tangu asubuhi.

Siku hiyo alileta habari mbaya.

"Wapangaji wapya wanaingia. Wamesema nyoka akiwa pale Jumapili, mutu wa bustani atammaliza kwa jembe. Na mi sina pa kumuweka. Nalala chumba kimoja na kaka yangu, na bibi yake, na mutoto wao."

"Kwetu kuna chumba cha nyuma," alisema Elvire kabla hajafikiri. "Mulete."

Népomuscène alimtazama muda mrefu. Elvire alishusha macho kwenye pakiti za chanjo, akazihesabu mara mbili bila kupata idadi.

"Mama yako atakubali?"

"Nitamwambia."

Na hakumwambia.

*

Saa tisa mchana honi ililia nje. Ilikuwa gari, Probox ya Mzee Tajudini, fundi wa magari wa Buyenzi, jirani yake Népomuscène kazini. Mzee alikuwa ametoka kwenye nikaha ya mpwa wake, kwa hiyo alivaa kanzu nyeupe na kofia iliyodariziwa. Népomuscène alikuwa ametoka kuimba kwaya, kwa hiyo alivaa shati jeupe na tai. Mikononi alibeba agaseke, kile kikapu cha kufumwa chenye kifuniko kirefu chenye ncha, kilichofunikwa kitambaa cheupe.

Mama Dévote alikuwa dirishani. Aliweka mkono kifuani.

Hapa kwetu kijana hendi peke yake kumposa msichana. Anakwenda na mtu mzima mwenye heshima, amevaa safi, wamebeba kikapu kilichofunikwa, na wakifika wanakaa kimya mpaka waulizwe. Kwa Kirundi tunasema gufata irembo, yaani kushika lango la nyumba. Jumapili ile kila kitu kilikuwepo. Kilichokosekana ni kwamba Népomuscène mwenyewe hakujua.

"Yezu wangu," Mama alinong'ona. "Hata agaseke wameleta."

Elvire alikuja mbio kutoka chumbani, gauni halijafungwa vizuri mgongoni. Alipotazama nje aliona kile ambacho mama yake alikiona, chote kwa mara moja. Alikwenda kuwahi mlango, lakini Tonton Salvator alikuwa ameshaufungua.

"Karibuni, karibuni! Mzee, kaa hapa. Kijana, weka mzigo hapa mbele. Dévote, wape wageni kitu cha kunywa."

Tonton Salvator alikuwa mstaafu wa bandarini, na hakuna kitu alichokipenda kama maneno ya sherehe. Alingoja Mzee Tajudini apate Fanta yake na yeye mwenyewe bia yake. Kisha akasafisha koo.

"Wageni wetu. Nyumba hii ina mutamba mmoja tu, ng'ombe mzuri ambaye hajazaa. Tumemulinda vizuri. Tunaona mumekuja na kikapu. Semeni, masikio yetu iko wazi."

Mzee Tajudini alimgeukia Népomuscène.

"Kijana, hukuniambia habari ya ng'ombe."

"Mi mwenyewe sijui, Mzee."

"Tufungue kwanza kwa baraka," alisema Mama Dévote kwa furaha. Alikuwa ameshavuta kitambaa.

"Mama, ngoja!" alisema Elvire. "Usifu..."

Kifuniko kilikuwa kimeinuka. Ndani mlikuwa na foronya ya mto iliyofungwa kwa kamba, na ile foronya ilijigeuza taratibu, kama mtu anayetafuta usingizi.

Mama Dévote hakupiga kelele. Alirudisha kifuniko, akakishika kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ndogo sana:

"Salvator. Kuna kitu kinapumua."

"Ni nyoka, Mama," alisema Népomuscène akisimama. "Ni mugonjwa. Elvire alisema..."

Tonton Salvator alikuwa tayari juu ya kiti. Alipanda na bia yake mkononi, wala haikumwagika hata tone.

"Nyoka ndani ya agaseke!" alisema kutoka huko juu. "Mutu analeta nyoka ndani ya agaseke!"

"Ni ya mama yangu marehemu, Tonton. Chumbani kwangu hakuna kitu kingine chenye kifuniko."

Kisha Tonton Salvator, bado juu ya kiti, akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo.

"Ngoja kidogo. Kwa hiyo hukuja juu ya binti yetu?"

Népomuscène alitazama glasi sita. Alitazama gauni la kijani. Alimtazama Mama Dévote, aliyekuwa bado ameshika kifuniko, na ile nuru ilikuwa ikizimika usoni mwake kidogo kidogo. Hapo akaelewa, na damu ikampanda hadi kwenye masikio.

"Apana, Tonton," alisema kwa upole. "Leo nimekuja juu ya nyoka."

Elvire alisikia neno apana. Maneno yaliyofuata hayakumfikia.

*

Mama Dévote alikaa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini, na alijua kukasirika bila kupaza sauti.

"Elvire. Ulinificha."

"Ndiyo, Mama. Nilikosa. Nilikuwa naogopa utakataa. Nisamehe."

"Nimemwita kaka yangu. Nimetoa glasi. Na kiumbe hiki Mungu alikilaani, unajua."

"Alikilaani kitambae, Mama. Hakukilaani kife njaa ndani ya gereji."

Mzee Tajudini aliona ni zamu yake.

"Dada yangu, sisi nyumbani tukiona nyoka hatumupigi kwanza. Tunamuonya mara tatu. Akiwa na adabu anaondoka."

"Na huyu ataondoka vipi, Mzee, wakati ni ninyi mumemuleta na gari?" aliuliza Tonton Salvator.

"Hilo kweli," alisema Mzee Tajudini, akanywa Fanta.

Mama Dévote alitoa rozari mfukoni, akaizungusha kidoleni, kama alivyofanya kila alipotaka kuamua jambo.

"Nitasali novena," alisema mwishoni. "Kuanzia kesho, siku tisa. Kwa siku hizo atakaa chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Siku ya tisa ikiisha, nyoka atatoka ao mimi nitatoka." Kisha akamgeukia Népomuscène. "Na wewe. Ulikuja kwa lango langu kama mkwe, halafu hukuwa mkwe. Sitaki mkono wako uguse geti langu mpaka novena iishe."

"Sawa, Mama," alisema Népomuscène. "Sitagusa. Naomba unisamehe kwa haya niliyokuletea."

Alimtazama Elvire akitaka kusema neno. Elvire alikuwa akiokota glasi mezani, mbili mbili, mgongo umemgeukia.

*

Kazi ya kumtuliza mnyama aliyeteseka ni kazi ya subira, na Elvire aliifanya kama alivyoelekezwa na daktari wake. Kisanduku cha vioo, ambacho Mzee Tajudini alikishusha kutoka kwenye gari, alikiosha kwa sabuni na maji ya moto mpaka mayai ya chawa yakaisha. Akatandika magazeti, ili chawa wakibaki waonekane. Upande mmoja aliweka taa ya joto, upande mwingine akauacha baridi, mwenyewe achague. Akaweka bakuli zito la maji. Vioo vitatu akavifunika kwa kitenge, asione watu wakipita. Kisha akafunga kifuniko kwa kufuli na kufanya lile lililo gumu kuliko yote: akamwacha. Daktari alisema, wiki nzima usimshike, usimpe chakula, usimwamshe. Badilisha maji, nenda zako. Aliyeumizwa hatulizwi kwa kushikwashikwa.

Siku ya kwanza jioni, sauti iliita kutoka barabarani.

"Hodi ya nje!"

Népomuscène alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye geti, mikono nyuma. Juu ya jiwe la kando ya barabara aliweka nusu ya chungu kilichovunjika, kingo amezisugua zisikate.

"Ni ya kujificha," alisema. "Bila mahali pa kujificha hatatulia."

"Asante," alisema Elvire.

"Elvire, siku ile..."

"Chungu kimefika. Asante." Akakiokota, akaingia ndani. Usiku huo alisali rozari na mama yake, na katika kila fumbo alilisikia lile neno, apana, apana. Alijilaumu. Mtu alikuja kununua dawa, akajijengea nyumba nzima moyoni kwa sababu aliulizwa kama amekula.

Siku ya pili juu ya jiwe kulikuwa na wavu wa chuma wa kuzuia nyoka asijiunguze kwenye taa. Siku ya tatu, kipimajoto kidogo. Kila mara aliita kutoka barabarani, akaweka kitu, akaondoka, na hakuwahi kukaribia geti. Mama Dévote, ambaye alisema hataki kumwona, alihamishia kiti chake cha kusali dirishani.

"Yule kijana anatoka kazini Buyenzi anapanda mpaka huku kwa miguu," alisema siku ya tatu, kama mtu anayeongea na pazia. "Viatu vyake vina vumbi nyekundu."

"Ndiyo, Mama."

"Sijasema kitu. Nimesema vumbi."

Siku ya nne ilinyesha mvua ile inayoteremka kutoka milimani bila kuonya mtu. Népomuscène alikuwa jiweni na kopo la dawa ndani ya koti, maji yakimtiririka usoni. Mama alitazama dakika moja, dakika mbili.

"Elvire! Mwambie aingie. Atapata homa, halafu waseme ni mimi."

Elvire alichukua mwavuli akatoka. Mvua ilipiga bati kwa nguvu hata akalazimika kupaza sauti.

"Mama anasema uingie!"

"Mwambie Mama asante sana! Lakini bado siku tano!"

"Amekuruhusu mwenyewe!"

"Alisema mpaka novena iishe. Mi nilisema sawa." Alijifuta uso kwa mkono, akacheka kidogo. "Kama nitavunja neno la kwanza alilonipa, la pili atanipa ya nini?"

Elvire alisimama ndani ya geti, yeye nje. Kati yao kulikuwa na nondo zilizopakwa rangi ya bluu. Alifikiri kidogo, kisha akaufunga mwavuli, akaupitisha kati ya nondo, akaufungulia upande wa pili na kumshikia juu ya kichwa. Sasa yeye ndiye aliyenyeshewa.

"Elvire, utalowa."

"We ulisema apana," alisema Elvire. Ilimtoka hivyo, bila maandalizi. "Mbele ya watu wote. Haraka haraka, kama mutu aliyeulizwa kama ameiba."

Népomuscène hakutabasamu tena.

"Nilisema leo. Nilisema, leo nimekuja juu ya nyoka."

"Mi sikusikia leo."

"Najua. Nilikuona. Sikiliza. Siku ile ningesema ndiyo, kila mutu angefurahi, na mi kuliko wote. Lakini ingekuwa nini? Ningekuwa nimeangukia mlango, sijabisha. Siku moja mama yako angejua kwamba nilisema ndiyo kwa kuona haya, na kikapu kilikuwa cha nyoka, na angejiuliza kama mutoto wake alichukuliwa kwa mapenzi ao kwa aibu. Hata we ungejiuliza."

Maji yalimwingia shingoni, na hakuyasikia.

"Mi ni fundi wa maji," aliendelea Népomuscène. "Ukifungulia maji kabla ya kukaza bomba, nyumba inajaa. Nakaza kwanza."

"Na ukishakaza?"

"Nitamwambia Tonton wako. Sitamwambia geti."

Elvire alicheka, na kwa sababu alikuwa amelowa kabisa, hakuna aliyeweza kujua kama usoni kulikuwa na mvua peke yake. Alimwachia mwavuli. Vidole vyake vilipita juu ya vidole vya Népomuscène, vyenye makovu na baridi, vikakaa pale kwa muda ambao mtu angesali Salamu Maria moja. Kisha akarudi ndani mbio.

Mama Dévote alimtupia taulo bila kugeuka kutoka dirishani.

"Amekataa kuingia?"

"Amesema bado siku tano."

Mama aliendelea kutazama barabara, ambako mwavuli ulikuwa ukiteremka polepole kuelekea mjini.

"Eh," alisema. "Siku tano kweli. Anajua kuhesabu."

*

Siku ya sita magazeti yaliisha. Elvire alikuwa amepiga magoti chumba cha nyuma akitandua yaliyochafuka, na mlango ukafunguka nyuma yake. Mama yake hakuwa ameingia humo tangu nyoka afike. Alisimama kizingitini, rozari mkononi, tayari kurudi nyuma.

Chini ya nusu ya chungu kichwa kidogo kilikuwa kimetoka, kimelala juu ya mkunjo wa mwili wake. Hakikusogea.

"Ni huyu tu?" aliuliza Mama. "Mi nilifikiri ni mkubwa."

"Ni huyu tu."

"Macho yake yamefanya nini? Haoni?"

"Anaona kidogo. Ngozi ya zamani imebaki juu ya macho. Alikosa maji, hakuweza kuivua."

"Kwa nini hamuivuti?"

"Ukivuta unaweza kuharibu jicho, Mama. Tunamwekea kitambaa chenye maji, tunangoja. Ataivua mwenyewe akiwa tayari."

Mama Dévote alitazama kwa muda mrefu. Elvire alimjua mama yake, lakini safari hii hakujua anachofikiri.

"Nani alimwacha hivi?"

"Mutu aliyekuwa na haraka."

Mama aliondoka. Elvire alisikia kabati la sebuleni likifunguliwa. Alirudi na yale magazeti ya zamani, yaliyokunjwa vizuri, ambayo kwa miaka kumi na moja yalifunga glasi sita.

"Tandika haya."

"Na glasi, Mama?"

"Zitakaa nje," alisema Mama Dévote. "Nimechoka kuzifunga."

Jioni ya siku hiyo umeme ulikatika, na taa ya joto ikazimika. Elvire alipotoka jikoni na mshumaa alikuta chupa mbili za maji ya moto zimefungwa kwa khanga, zimewekwa mlangoni mwa chumba cha nyuma. Hakuuliza ni nani. Katika nyumba ile walikuwa wawili tu.

Siku ya nane asubuhi, ndani ya kisanduku kulikuwa na ngozi iliyovuliwa, nzima kutoka kichwani hadi mkiani, nyepesi kama kitambaa cha komunyo. Elvire aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye kichwa chake aliona viduara viwili vidogo, safi: utando wa macho ulikuwa umetoka wote. Chini ya chungu nyoka alikuwa na rangi ya kahawa na dhahabu, na macho yake, kwa mara ya kwanza, yalikuwa meusi na yanang'aa. Alimtazama Elvire, akatoa ulimi, akaurudisha.

Siku ya tisa jioni alimpa panya mdogo aliyekwisha kufa, kutoka kwa daktari, akazima taa ya chumba akangoja nje. Sebuleni Mama alikuwa akimalizia sala. Baada ya nusu saa Elvire alichungulia. Panya hakuwepo.

Mama Dévote alikuja nyuma yake.

"Amekula?"

"Amekula, Mama."

Mama alifanya ishara ya msalaba. Kisha akasema:

"Novena imeisha. Nilisema atatoka yeye ao nitatoka mimi."

"Mama, naomba..."

"Ngoja nimalize. Siku ya kwanza nilipiga magoti niombe atoke, na maneno hayakuja. Nikaomba kitu kingine."

"Uliomba nini?"

"Hiyo ni yangu na Mungu." Alichungulia tena ndani ya kisanduku, kwa uangalifu, kama mtu anayetazama mtoto wa jirani. "Weka kufuli mbili. Na asikanyage sebule yangu."

"Mama, hana miguu."

"Ndiyo maana nimesema."

*

Jumapili iliyofuata Probox ilipiga honi saa tisa. Mzee Tajudini alishuka na kanzu yake nyeupe, na safari hii alikuwa ameulizia mapema habari zote za ng'ombe. Népomuscène alishuka nyuma yake, shati jeupe, tai, na kikapu kile kile cha marehemu mama yake, kimeoshwa na kukaushwa juani, kimefunikwa kitambaa cheupe.

Alisimama mbele ya geti la bluu. Alilitazama. Kisha akanyoosha mkono, akalishika, akabisha mara tatu.

Sebuleni glasi sita zilikuwa mezani. Tonton Salvator alikuwa amechagua kiti kilicho karibu zaidi na mlango. Elvire alikaa pembeni na gauni la kijani, mikono mapajani, hathubutu kuinua macho na hawezi kuyashusha.

"Wageni wetu," alianza Tonton, "nyumba hii ina mutamba mmoja. Tunaona mumekuja na kikapu..."

Mama Dévote aliinua mkono.

"Salvator, ngoja na ng'ombe wako. Kwanza kifunguliwe."

Népomuscène alipiga goti moja, akavuta kitambaa, akainua kifuniko. Tonton Salvator aliinuka kidogo kitini. Mama Dévote hakuinuka. Alisogea mbele, akaingiza mkono wake wote ndani ya kikapu mpaka kwenye kiwiko, bila kuchungulia. Alipoutoa ulikuwa umejaa maharagwe, mapya, mekundu, na machache yakadondoka sakafuni yakiruka.

"Ni maharagwe," alisema.

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Tajudini.

Tonton Salvator alikaa tena, akanyoosha koti lake, akarudisha heshima yake yote usoni.

"Basi, kijana. Tuambie mwenyewe. Umekuja juu ya nini?"

Népomuscène alimgeukia kwanza Mama Dévote, kisha Tonton, na mwisho, kwa muda ambao hakuna aliyeuhesabu, akamtazama Elvire.

"Leo," alisema, na safari hii Elvire alilisikia neno hilo kabla ya mengine yote, "nimekuja juu ya Elvire."

Mama Dévote alijifuta macho kwa kile kitambaa cheupe cha kikapu. Kisha akamimina kinywaji katika glasi ya sita, ile ya marehemu baba yake Elvire.